Msomaji wa Mishipi Iliyokatika

Nyuma ya stendi ya Mafinga kuna duka la mwanamke ambaye alikuwa hajawahi kuvua samaki hata mmoja, na bado wavuvi wote wa samaki aitwaye besi katika mabwawa ya mashamba ya chai walikuwa hawathubutu kugusa maji kabla ya kumwuliza yeye. Nalisema hili nikiwa na akili zangu timamu. Mimi ni fundi viatu, naitwa Fanueli. Kibanda changu na duka lake vinatenganishwa na bati moja tu, na kwa miaka kumi na moja hakupata kusema neno nisilolisikia, hata yale aliyoyanong'ona, na hasa hayo.

Jina lake ni Atuganile, ila hapa sokoni tunamwita Mama Tumpe, kwa jina la binti yake ambaye sasa ni nesi huko Mbeya. Anauza nyuzi: nyuzi za cherehani, sufi za kufumia masweta, uzi wa mafundi uashi, katani, kamba za kufungia mizigo. Ni mfupi, ana sauti ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya, na shingoni huning'iniza futi ya kupimia nguo kuanzia anapofungua duka mpaka anapolifunga. Akikupenda atakutania. Asipokupenda atakutania pia, ila kwa sauti kubwa zaidi.

Mishipi ya kuvulia iliingia dukani kwa kosa, na kosa lilikuwa langu. Nilimwagiza marehemu mume wake, aliyekuwa dereva wa malori, aniletee kutoka Tunduma nailoni ya kushonea viatu. Nikamwambia, "Nailoni yoyote, mradi isikatike." Akaniletea boksi zima la mishipi ya samaki. Nilijaribu kushonea kiatu cha mwalimu mmoja, mshipi ukamkata kidole cha mguu. Boksi likarudi kwa mkewe, na mkewe si mtu wa kutupa kitu. Aliipanga ile mishipi kwenye rafu ya juu, kati ya sufi nyekundu na sufi ya kijani, akangoja.

Hakungoja sana. Katika mabwawa ya chai kule Mufindi kuna besi, samaki mwenye mdomo mpana na hasira za karibu, ambaye inasemekana aliletwa zamani na watu waliokuwa na muda wa kucheza. Watu hao waliondoka, samaki wakabaki. Sasa mafundi wa viwanda, walimu na matabibu wa zahanati wanashinda huko Jumamosi nzima na fimbo zao, wake zao wakidhani wako kwenye vikao. Hao ndio walioanza kuja kuulizia mshipi.

Siku ya kwanza mteja mmoja alimwuliza, "Mama, haya mambo ya mishipi umejifunzia wapi?" Mama Tumpe hajafumbua kinywa, mimi nikadakia kutoka kwenye kibanda changu, "Huyu ni Mnyakyusa wa Kyela! Kazaliwa na ndoano mkononi!"

Nilikuwa natania tu. Lakini kwa watu wa Mafinga kila Mnyakyusa anatoka Kyela, na kila wa Kyela amelelewa ziwani. Mama Tumpe ni wa Tukuyu, juu kabisa milimani, kwenye migomba na mvua, ambako maji yanakuja kutoka juu na hayana samaki. Ziwa aliliona mara mbili, tena kwa mbali, kupitia dirisha la basi. Aliniangalia kwa jicho kali, akamwangalia yule mteja ambaye alishachagua mshipi wake, akakohoa kidogo.

"Tulikuwa tunavua," akasema.

Basi. Maneno mawili hayo ndiyo aliyoyabeba kwa miaka kumi na moja, na kila mwaka yalizidi uzito, kwa sababu watu walikuwa wakiyaongezea wenyewe. Wengine walisema baba yake alikuwa na mitumbwi sita. Mmoja aliniapia kwamba mama huyu aliwahi kupambana na mamba.

Hata hivyo, msidhani alikuwa tapeli. Kuhusu mshipi alijua kweli, ila alijulia upande ambao hakuna mvuvi aliyewahi kuufikiria. Alikuwa anasoma vipande.

Ulikuwa hupati mshipi mpya dukani kwake bila kuleta ncha ya ule uliokatika. "Lete kipande," ndivyo alivyokuwa akisema, hata kabla hujasalimia vizuri. Anakichukua, anakilaza kwenye karatasi nyeupe, anakigeuzageuza kwa kucha. Ncha iliyochanikachanika, mshipi umesuguliwa na kisiki. Ncha iliyokatwa safi, jiwe au jino. Ncha iliyonyooka na kuwa nyembamba, umevutwa kupita uwezo wake. Mtu aliyeshika nyuzi maisha yake yote anayaona haya waziwazi kama wewe unavyoona kiatu kilichoungua.

Kwa njia hiyo ya vipande alijifunza mabwawa yote bila kuyakanyaga. Alijua lipi lina visiki na lipi lina majani. "Wewe unaenda bwawa la chini," alikuwa akimwambia mtu, "kule kwenye majani mazito. Chukua huu wa kusukwa. Hauvutiki, unakata jani na samaki anakuja. Ila utakukata na wewe vidole, vaa glavu." Kwa anayejifunza alitoa nailoni ya kawaida, kwa sababu inavutika, inamsamehe mtu mwenye papara. Na kwa maji maangavu alikuwa na ule wa tatu, mgumu, unaozama na ukizama hauonekani. Huo aliutoa kwa masharti. "Ukifunga fundo, tia mate kabla ya kukaza. Usipotia mate fundo linajichoma lenyewe na litateleza. Umesikia? Mate!" Watu wazima, wengine na digrii zao, walitoka pale wakirudia neno hilo kimoyomoyo.

Na waongo aliwaumbua. Mvuvi akija kutanua mikono kuonyesha samaki aliyemponyoka, Mama Tumpe alikuwa anavua futi shingoni, anapima kati ya kiganja na kiganja, halafu anasoma namba kwa sauti ili benchi langu zima la wateja lisikie. Kisha anadai kipande. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekata mshipi wake kwa mkasi ili apate hadithi. Mama Tumpe aliitazama ncha mara moja tu, akamwuliza, "Huyo samaki alikuwa fundi cherehani?"

Tulicheka. Nakiri kwamba nilicheka kuliko wote, na benchi langu lilijaa wateja kwa sababu ya vicheko hivyo.

Sasa, Mzee Kasian. Huyu alikuwa fundi wa mitambo ya kukaushia chai mpaka alipostaafu, Mhehe mpole asiyependa makuu, na kila Ijumaa alikuja kukaa kwenye benchi langu hata kama hana kiatu cha kushona. Alisikiliza hadithi za wenzake bila kutoa yake. Nilidhani hana.

Ijumaa moja ya Septemba, mwaka juzi, alikuja akitembea kama mtu anayekimbilia basi. "Kamwene," akasalimia, hakungoja aitikiwe. "Nimempata. Halafu nimemkosa." Akasimulia, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mzee huyu akiongea sentensi zaidi ya tatu. Samaki alimvuta. Alimvuta mpaka akaingia bwawani bila kujijua. Akatanua mikono.

Mama Tumpe akashuka na futi yake. "Sabini na mbili!" akatangaza. "Mzee Kasian, huyo si besi, huyo ni mbuzi. Lete kipande."

Mzee akakitoa kwenye mfuko wa shati, kimefungwa kwenye karatasi kama dawa. Mama Tumpe akakilaza. Kilikuwa kimejikunja mwishoni, mizunguko mitatu midogo, kama mkia wa nguruwe.

"Huu haujakatika," akasema. "Fundo limeteleza. Ulitia mate?"

"Sikumbuki, mama. Nilikuwa na haraka."

"Hukutia. Na fundo lisilotiwa mate linafunguka hata kwa jani. Samaki wako, mzee wangu, alikuwa jani."

Benchi lilianguka kwa kicheko. "Jani la sentimita sabini na mbili!" akapaza sauti mmoja. Kabla ya saa sita mchana soko zima lilikuwa linamwita Mzee Mkia. Mama Tumpe alikibandika kile kipande kwenye kadibodi ukutani, pamoja na vya wengine, akaandika chini yake kwa kalamu nyekundu: KASIAN, JANI.

Kuna jambo moja sikulisema siku ile. Mimi ni fundi viatu, natazama miguu kabla ya uso. Buti za Mzee Kasian zilikuwa zimelowa mpaka magotini, na tope la bwawa lilikuwa bado bichi kwenye kamba zake. Jani halimwingizi mtu majini kiasi hicho. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu kicheko kilikuwa kitamu.

Mzee hakurudi tena Ijumaa. Mishipi akawa ananunua Makambako. Alikuwa na hadithi moja tu maishani, na sisi tulimnyang'anya siku ileile aliyoileta. Hilo liliniuma, ila nilijiambia atazoea.

Miezi tisa ikapita. Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake, na siku moja Mzee Kasian akatokea dukani amevaa koti la suti, mkononi bahasha. Hakuja benchini. Alimkabidhi Mama Tumpe bahasha kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa adabu zote, akaondoka.

Nilisikia karatasi ikifunguliwa. Halafu Mama Tumpe akaja upande wangu, jambo ambalo huwa halifanyi, kwa maana harufu ya gundi yangu inamuumiza kichwa.

"Fundi," akasema, "soma."

Ilikuwa barua ya kikundi cha wavuvi wa besi, na mhuri. Katibu, Kasian mwenyewe, alimwalika Mama Tumpe kuwa mgeni rasmi katika mashindano ya mwaka kwenye bwawa la juu. Badala ya kukata utepe, mgeni rasmi angezindua kwa kurusha mshipi wa kwanza, na kwa faida ya wanakikundi angechagua mshipi na kufunga ndoano kwa mikono yake mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa yamepigiwa mstari.

"Anajua," nikasema.

"Hajui. Anahisi. Ni kinywa chako hiki, Fundi. Kyela! Nani alikwambia useme Kyela?"

"Si ungekanusha."

"Ningekanusha vipi na mteja keshashika mshipi?" Akakaa kwenye benchi, akaanza kuzungusha futi kwenye kidole. "Wakijua sijawahi kuvua, nani ataniamini tena? Nitawaambia nini watu? Kwamba miaka yote hii walikuwa wanapewa ushauri na muuza sufi?"

Nikamshauri aseme anaumwa. Akanitazama kwa huruma. "Hawa watu wa hapa? Nikisema naumwa watajaa nyumbani na uji."

Kwa hiyo tukaanza mazoezi. Niliazima fimbo ya mvuvi mmoja kwa kisingizio cha kuukarabati mpini wake, na kila asubuhi kabla ya kufungua tulikutana kwenye uwanja ulio nyuma ya mashine ya kusaga. Mahali pa ndoano nilifunga kisigino cha mpira cha kiatu cha kike. Siku ya kwanza Mama Tumpe alirusha fimbo yote pamoja na mashine ya kukunjia mshipi. Siku ya pili kisigino kilirudi nyuma kikanipiga kwenye paji la uso. Siku ya tatu aliniambia amepata dawa: kurusha kwa hasira. Alinitazama, akakumbuka neno Kyela, akarusha. Kisigino kilipaa vizuri sana, kikavuka ua, kikatua kwenye kamba ya nguo ya jirani, na alipovuta akarudi na gagulo la Mama Devotha.

"Umevua," nikamwambia.

"Nyamaza ukalirudishe."

Ilipofika siku ya sita alikuwa anaweza kurusha hatua ishirini bila kumuua mtu. Tukabaki na suala la mshipi, na hapo hakuhitaji msaada wangu. Mimi nilipendekeza wa kusukwa, kwa sababu ndio wenye nguvu. Alinikatalia papo hapo. "Bwawa la juu mwezi wa sita? Hakuna mvua, hakuna tope, maji yameangaza mpaka chini. Huo wa kusukwa ni mweusi, samaki atauona kabla hajauona mnyoo wa chambo. Na nailoni ya kawaida baridi hii inakakamaa, inakumbuka roli iliyozungushiwa, itatoka na mapete. Nachukua wa tatu, wa kilo tano. Mnene zaidi ya hapo ataushtukia, mwembamba zaidi ya hapo ataukata kwenye visiki." Alisema hivyo bila kukohoa. Nilimwamini kabisa, mimi niliyeutunga uongo wenyewe.

Jumamosi ikafika. Tulipanda kwenye gari ya Mwalimu Anord, mwenyekiti wa kikundi, tukapita katikati ya chai iliyofunikwa na ukungu. Bwawani kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, spika mbili, chupa za chai na sinia la viazi vitamu. Kulikuwa na watu kama arobaini, wote nikiwajua viatu vyao. Mama Tumpe alivaa kitenge cha sherehe, sweta alilolifuma mwenyewe, na viatu vyake vya kanisani nilivyompiga rangi usiku wa kuamkia siku hiyo. Futi ilikuwa shingoni. Walimkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, wakamsomea risala. Risala ilitaja ziwa mara nne. Ilitaja na mamba.

Kisha Mzee Kasian akasimama na fimbo mkononi. Buti zake zilikuwa zilezile. "Tunamkaribisha mgeni wetu rasmi," akasema taratibu kwenye maikrofoni, "afunge ndoano, sote tukiona. Tujifunze."

Mama Tumpe akatoa mshipi wake, akaupitisha, akashika ndoano yenye mnyoo wa mpira. Vidole vyake ni hodari, na fundo lenyewe alilifunga vizuri, mizunguko sita, kama alivyokuwa akiwafundisha wengine miaka yote. Akalipeleka mdomoni. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona midomo ikihangaika. Hakuna kilichotoka. Kwa woga kinywa chake kilikuwa kikavu kabisa. Alimeza hewa, akajaribu tena, akawaona watu arobaini wanamtazama, akalikaza fundo hivyohivyo.

Akarusha. Hatua ishirini, karibu na visiki vilivyochomoza upande wa kushoto. Watu wakapiga makofi. Mimi nikashusha pumzi, maana kazi ya mgeni rasmi ilikuwa imekwisha. Alichotakiwa ni kukunja tu mshipi na kwenda kunywa chai.

Akakunja kidogo. Mshipi ukasimama.

"Kisiki!" mtu akasema nyuma.

Halafu kisiki kikaanza kutembea.

Fimbo ilipinda mpaka ncha ikagusa maji. Mama Tumpe akapiga ukelele, "Tata! Tata!" akimwita baba yake aliyekuwa mkulima wa ndizi na asingemfaa kitu. Alivuta, kikavuta. Mashine ikalia. Kitu kizito kikapindua maji kwenye kivuli cha visiki, nikaona upana wa mgongo au nikadhani nimeona, kisha fimbo ikanyooka ghafla na Mama Tumpe akarudi nyuma hatua mbili. Mshipi ukalala juu ya maji, hauna kitu.

Kisha maneno yakaanza. Waliokaa nyuma chini ya turubai hawakuona kitu zaidi ya mgongo wa mgeni rasmi. "Kilikuwa kisiki tu." "Hapana, ni furushi la majani." Na mmoja, yuleyule wa mkasi, akaanza kuimba taratibu, "Kipande! Kipande!" Wengine wakapokea wakicheka na kugonga viti. "Lete kipande! Lete kipande!"

Mama Tumpe alikuwa anakunja mshipi amewapa mgongo. Ncha ilipofika mkononi aliitazama. Niliiona na mimi. Mizunguko mitatu midogo.

Akaipeleka mdomoni haraka, akaing'ata.

Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeona. Nikageuka, nikamkuta Mzee Kasian amesimama upande wa pili, hatua tatu tu, ameona kila kitu. Alinyoosha mkono. "Nipe nisome," akasema.

Mzee alikuwa amesubiri miezi tisa, ameandika barua, amepiga mstari. Sasa alikuwa na maikrofoni mkono mmoja na mshipi mkono wa pili, na watu wote waliomwita Mkia walikuwa mbele yake. Alivaa miwani. Aliitazama ile ncha iliyong'atwa kwa meno, akamtazama Mama Tumpe, akarudi kwenye ncha.

"Imekatwa safi," akatangaza kwenye spika. "Ni jino la samaki. Mgeni wetu alikuwa na samaki."

Watu wakashangilia. Mwalimu Anord akaanza kumshukuru mgeni rasmi. Ilikuwa imekwisha, na siri ilikuwa salama mpaka kaburini. Mimi nilianza kutafuta viazi.

Lakini Mama Tumpe hakuwa anashangilia. Alikuwa anatazama chini, nikafuata macho yake. Alikuwa amesimama ndani ya bwawa. Maji yalimfika magotini, kitenge kimeelea, viatu vya kanisani havionekani. Hakujua ameingia saa ngapi. Kisha akazitazama buti za Mzee Kasian.

Akatoka majini akichuruzika maji, akamfuata mzee, akamwomba maikrofoni. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akatoa kutoka shavuni kile kipande kilichojikunja, akakiinua juu.

"Mzee amewadanganya," akasema. "Amenifichia aibu. Someni hiki. Ni mkia wa nguruwe. Fundo langu limeteleza. Mimi, niliyewahubiria mate nyote, leo nimekosa mate."

Watu hawakujua kama ni mzaha. Wengine walicheka, kisha wakaacha.

"Mimi si wa Kyela. Ni wa Tukuyu. Sijawahi kuvua hata dagaa. Kumwona samaki mzima mara ya kwanza ni pale buchani Mbeya, na alikuwa ameganda." Alinielekezea kidole bila kunitazama. "Kyela ilitoka kwa fundi viatu yule pale, lakini mimi ndiye niliyeiacha ikae. Mishipi ninaijua. Vipande ninavijua. Samaki nilikuwa simjui, mpaka sasa hivi."

Akamgeukia Mzee Kasian, na sauti ya kwaya ikamkatika.

"Mzee wangu, ulileta mkia kama huu. Nikasema hukutia mate, na kweli hukutia. Halafu nikasema ni jani. Hilo sikulisoma kwenye mshipi. Hilo nililitunga ili watu wacheke. Mshipi unaeleza fundo tu, haumwelezi aliyelivuta. Samaki wako alikuwepo. Nimekukosea, na nina aibu."

Na mimi nikasimama, kwa sababu miguu yangu ilikataa kukaa. "Buti zilikuwa zimelowa mpaka magotini," nikasema. "Mimi niliziona siku ileile." Nikakaa tena. Hakuna aliyenipigia makofi na sikustahili.

Mzee Kasian alivua miwani, akaifuta kwenye koti, akaivaa. Yule bwana wa mkasi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Alikuwa na nguvu?" mzee akauliza hatimaye, lakini si kwenye maikrofoni. Alimwuliza yeye, kama wanavyoulizana watu wawili waliotoka sehemu moja.

"Mzee, we acha! Mkono wote umekufa ganzi."

"Anavuta kwenda chini kwanza, halafu anageuka."

"Anageuka!" akasema Mama Tumpe. "Anageuka, halafu unamsikia kwenye fimbo kama anatikisa kichwa."

"Ndiyo. Anakataa," akasema mzee, na nikaona meno yake, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu Septemba. "Ndio huyohuyo. Alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Mama Tumpe akafikiri. Kisha, mbele ya wavuvi arobaini aliowapima mikono kwa miaka kumi na moja, akainua yake na kutanua viganja kwa uangalifu mkubwa, kiasi cha urefu wa kiatu changu, labda na kidogo.

Mzee Kasian alivitazama viganja vile. Akatikisa kichwa. Akamshika mkono wa kulia na mkono wa kushoto, akaisukuma nje taratibu, na nje tena, mpaka sweta likavutika kifuani.

"Usimpunje," akasema.

Futi ilikuwa inaning'inia shingoni kwa Mama Tumpe, katikati ya mikono ile miwili, na hakuna aliyeigusa.